Siku Moja Wayanad, Wilaya Ambayo Maji Yake Hayafuati Mipaka

Naishi Kalpetta, makao makuu ya wilaya ya Wayanad katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ninakofanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu namna serikali za mitaa zinavyojiandaa kwa maporomoko ya ardhi. Wenzangu wa Bukoba huniuliza kazi hii inafanyikaje, na jibu lililo rahisi ni kuwaeleza siku moja ya kazi. Hii ni ya mwezi wa Juni.

Saa 12:00 asubuhi. Kazi ya kwanza ni kusoma kipima mvua kilichosimikwa uani kwa mama mwenye nyumba. Namwita Chechi, yaani dada mkubwa, kama majirani wote wanavyomwita. Chombo chenyewe ni mtungi wa plastiki wenye faneli juu na bomba jembamba ndani, lililochorwa mistari ya milimita. Leo maji yamefika mstari wa 38. Chechi anaandika tarakimu hiyo daftarini, kisha anaituma kwa simu, kwa kuwa mjini hapa kuna Kituo cha Hume kinachoendesha mtandao wa vipima mvua unaotegemea wakulima na watu wengine wa kujitolea. Mvua yenyewe inaletwa na upepo ambao mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua kwa jina la kusi, ambao ukishavuka ikweta hugeuka na kuipiga India kutoka kusini-magharibi, ukagonga ukuta wa milima ya Ghati za Magharibi na kumwaga maji yake hapo. Wayanad imekaa juu ya ukuta huo, sehemu kubwa ikiwa kati ya mita 700 na 2,100 juu ya usawa wa bahari.

Saa 2:00 asubuhi. Kabla ya kutoka napitia ramani zangu, nazo ndizo chanzo cha hoja yangu yote. Wilaya hii ilizaliwa tarehe 1 Novemba 1980 kwa kumega maeneo ya wilaya za Kozhikode na Kannur, ikawa ya 12 kati ya wilaya ambazo sasa ni 14 katika Kerala. Ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,130, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 817,420, idadi iliyo ndogo kuliko ya wilaya nyingine yoyote ya jimbo hili. Haina reli wala uwanja wa ndege. Anayetoka pwani hupanda kwa barabara yenye kona tisa kali hadi Lakkidi. Ina taluka tatu, yaani tarafa, ambazo ni Vythiri, Mananthavady na Sulthan Bathery, na chini yake vijiji 49 vya kiutawala. Hiyo ni ngazi ya watumishi wa serikali, na sambamba nayo kuna ngazi ya panchayati, yaani mabaraza yaliyochaguliwa na wananchi: panchayati ya wilaya, panchayati nne za kati, panchayati 23 za mashinani na manispaa tatu. Idara ya misitu nayo ina mgawanyo wake tofauti kabisa, na jimbo la uchaguzi la Bunge la India linaloitwa Wayanad linateremka hadi kwenye maeneo ya wilaya za Kozhikode na Malappuram. Hakuna ramani hata moja kati ya hizo iliyochorwa kwa kufuata maji.

Saa 4:15 asubuhi. Ofisi za serikali zinafunguliwa, nami niko kwenye benchi la ofisi ya kijiji. Kwa Mtanzania ni muhimu kufahamu kwamba Kolekta, mkuu wa wilaya hapa, si mteule wa kisiasa bali ni mtumishi wa umma aliyepanda kwa mitihani ya kitaifa. Chini yake yupo tahsildari wa taluka, na chini ya tahsildari yupo ofisa wa kijiji, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayeijua wilaya kuliko wote. Yeye ndiye anayepokea kodi ya ardhi, anayethibitisha kipato cha familia na anayeandika nani anamiliki kiwanja kipi. Maombi mengi siku hizi hupitia vituo vya Akshaya, mpango ulioanza mwaka 2002 katika wilaya jirani ya Malappuram ili kumfikishia mwananchi wa kawaida huduma za kompyuta. Hata hivyo, benchi halijawa tupu. Bibi mmoja wa kabila la Wapaniya amekuja kuuliza kuhusu karatasi za ardhi ya familia yake, na ofisa anatoka nyuma ya meza, anakaa kando yake na kufuata kwa kidole namba za viwanja kwenye daftari lililokunjika pembe, mstari kwa mstari. Takriban asilimia 18 ya wakazi wa Wayanad ni watu wa makabila ya asili, uwiano ulio mkubwa kuliko wa wilaya nyingine za Kerala, na wengi wa Wapaniya hawana ardhi ya kutosha. Asiye na karatasi husahaulika kwanza pale fidia inapogawiwa, kwa hiyo siwezi kuichukulia kazi ya benchi hili kuwa ndogo.

Saa 7:00 mchana nakula wali na samaki, kisha napanda basi la Meppadi kupitia mashamba ya chai na kahawa. Kahawa ya hapa ni robusta, zao ninalolijua tangu utotoni.

Saa 8:30 mchana. Nafika Chooralmala, ndani ya panchayati ya Meppadi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai 2024, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Mundakkai na kuyafagia makazi yaliyokuwa kando ya kijito, na zaidi ya watu 250 walipoteza maisha. Taarifa ya serikali ilisema eneo hilo lilipata milimita 572 za mvua ndani ya saa 48. Wanajeshi walijenga daraja la chuma kwa haraka ili waokoaji wavuke, na shule ya Vellarmala iliyokuwa hapa ilihamishiwa Meppadi mjini. Nasimama kando ya mawe makubwa kuliko gari, napima upana wa njia ya mafuriko kwa picha na hatua, na ninajilazimisha kuandika kila kitu, kwa sababu ni makaburi ya watu na sitaki kuandika jambo lolote kwa kukisia.

Jambo ambalo ramani ya wilaya hailionyeshi liko hapa. Karibu maji yote ya Wayanad huenda mashariki kupitia mto Kabani, ambao ni mmoja kati ya mito mitatu tu ya Kerala inayokwenda upande huo, ukaingia jimbo jirani la Karnataka na kujiunga na mto Kaveri. Miteremko ya kusini ya Meppadi haimo katika bonde hilo. Kijito cha Mundakkai kinaanguka magharibi na kuingia mto Chaliyar katika wilaya ya Malappuram, na ndiyo sababu miili mingi ya watu wa Wayanad ilipatikana Pothukal na Nilambur, wilaya nyingine, kilomita nyingi chini ya mlima.

Saa 10:30 jioni. Nahudhuria mkutano wa wakazi wa kata moja ya panchayati. Kerala ilianza mwaka 1996 kuziachia panchayati sehemu kubwa ya fedha za mipango, na hivyo mkutano kama huu una uzito. Mjumbe wa kata anasoma orodha ya nyumba zilizo kwenye miteremko mikali na jina la atakayegonga mlango wa kila nyumba usiku wa mvua kubwa. Mzee mmoja anauliza: "Waliohamia mji mpya wa Kalpetta wataendelea kupiga kura huku?" Swali lake ni zito. Makazi mapya ya waathirika yamewekwa kwenye lililokuwa shamba la chai la Elstone, ambalo limo ndani ya manispaa ya Kalpetta, na anayehamia huko anabadilisha serikali yake ya mtaa, mjumbe wake na majirani waliozoea kuja kumgongea.

Saa 3:00 usiku. Barabara kuu ya kwenda Mysuru, mji wa Karnataka, inafungwa kupitia msitu wa Bandipur hadi saa 12 asubuhi, amri iliyopo tangu mwaka 2009 kwa ajili ya kuwalinda wanyama. Nami naketi kuandika pendekezo nitakalolipeleka kwenye mamlaka ya maafa ya wilaya, ambayo kwa sheria ya mwaka 2005 mwenyekiti wake ni Kolekta na mwenyekiti mwenza ni kiongozi aliyechaguliwa na wananchi. Naomba vipimo vya mvua vya vilele vya Meppadi vitumwe kila asubuhi moja kwa moja kwa panchayati ya Pothukal, bila kupitia makao makuu ya wilaya mbili, na kwamba kila nyumba iliyo kando ya kijito iandikwe kwa jina la kijito chenyewe pamoja na la kijiji chake. Kiambatisho kina majina ya vijito vyote vinavyoteremka magharibi, na kesho ofisa wa kijiji amekubali kuyahakiki pamoja nami.