Siku moja bandani kwangu: mkonga wa dizeli na betri isiyo yake

Saa 12 na nusu asubuhi. Nafungua banda hapa Mwanga, Kigoma, na wanaonisubiri mlangoni ni wavuvi. Wametoka Kibirizi na Katonga na betri za taa za kuvulia dagaa, nyingine zimefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, zote zimeisha chaji. "Mwakeye, fundi," wananisalimu kwa Kiha. Naandika alama ya kila mtu kwa chaki, nafungua vizibo, natazama maji, nazipanga kwenye chaja. Kazi hii inakwenda na mwezi. Usiku ukiwa wa giza ziwani, betri zinajaa mpaka nje ya mlango. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki kwa taa na chaja zangu zinapumzika. Sasa hivi ni kipindi cha giza.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na zaidi ya yote ni fundi betri. Ukipita barabarani utaona mtu mwenye suruali iliyotobolewa na asidi amesimama katikati ya maboksi mazito, utadhani kazi yake ni kupokea hela na kunyanyua. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Kumchagulia mtu betri ya gari la dizeli, hasa haya yanayotoka hapa kwenda Kasulu, Kibondo, Uvinza mpaka Mpanda, ni kazi ya vipimo, na asiyepima anamwacha mwenzake porini usiku.

Saa 1 mpaka saa 3 ni pikipiki, bajaji, na kirikuu moja yenye temino zilizoota unga. Namwagia maji ya magadi, nasugua, napaka grisi, anaondoka.

Saa 3 na robo inaingia Land Cruiser haditopu, ile tunayoita mkonga, imevutwa kwa kamba na Hilux. Dereva ni mtu mzima, mvi zimetawala kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, nipe betri kubwa kuliko zote ulizonazo. Saa 5 niwe njiani kwenda Kibondo."

"Naomba kwanza nilione gari, mzee."

"Gari ni zima. Betri ndiyo mbovu. Hii ni ya pili ndani ya mwaka, na zote mnatuuzia feki."

Mzee kama huyu huwezi kumkatalia usoni. Amewaendesha watu barabara hizi tangu zikiwa vumbi tupu, na mimi ni rika la wanawe. Nilichofanya ni kumpa kiti kivulini, kumwagiza kijana wangu amletee chai na chapati, halafu nikafungua boneti.

Nikaona mambo matatu kabla hata sijashika mita ya umeme. Betri iliyokuwemo ilikuwa ya kimo cha gari dogo, D23, imewekwa kwenye trei ya D31. Kwa kuwa haikuenea, mtu aliifunga kwa vipande vya tyubu. Na nguzo zake, chanya na hasi, zilikuwa upande usio wake, kwa hiyo waya wa chanya ulivutwa juu ya betri mpaka ukawa unasugua chuma cha kushikilia, gamba limeanza kulika. Waya huo ungemaliza kulika barabarani, shaba ingegusa bodi, na moto wa betri hauna fyuzi ya kuuzuia hapo.

Nieleze maandishi hayo, maana ndipo watu wengi wanapoibiwa. Betri za mtindo wa Kijapani zinaandikwa, kwa mfano, 95D31R. Ile 95 si ampia, ingawa kila wiki kuna mtu ananiambia "nipe ya ampia 95". Ni daraja la nguvu, na betri ya namna hiyo uwezo wake kwa saa 20 unakaribia ampia-saa 80. D ni kundi la upana na kimo cha boksi. 31 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho inakuambia nguzo ziko wapi: simama upande zilipo nguzo uziangalie, chanya ikiwa kushoto kwako ni R, ikiwa kulia ni L. Gari la mzee lilikuwa na nyaya zilizokatwa kwa ajili ya R. Aliyemuuzia alimpa L kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani.

Halafu nguvu. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta. Inaibana hewa mpaka hewa yenyewe iwe ya moto. Hii ya mzee ni 1HZ, lita 4.2, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Hewa inabanwa zaidi ya mara 22, wakati injini nyingi za petroli zinaishia kati ya mara 9 na 11. Mzigo huo wote unabebwa na stata, mota inayozungusha injini ili iwake, na kabla stata haijazunguka, plagi za hita zimeshakula sehemu yao. Betri ya gari dogo la saluni itaizungusha asubuhi moja, mbili, huku pleti zake nyembamba, yale mabamba ya risasi ya ndani, zinachoka.

Nikapima. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, ikaniambia silinda tano za betri ziko 1.24 na 1.25, ya sita 1.14. Nasema silinda kwa mazoea ya hapa, ni vile vyumba sita vya ndani, kila kimoja kinatoa volti 2.1 kikiwa kimejaa. Chumba kimoja kikifa, hata uchaji wiki nzima hupati kitu. Kwa hiyo mzee alikuwa na haki, betri ilikuwa imekufa kweli. Swali langu lilikuwa nani ameiua.

Hapo simu ikaita. Bosi wake. Mzee akanipa niongee.

"Fundi, usiuze betri. Ofisini tunayo ya sola, 100Ah, imekaa tu. Kijana anaileta hapo sasa hivi. Mia ni kubwa kuliko hiyo yako ya themanini, au siyo?"

Nikamweleza kwa heshima zote. Betri ya kuwashia gari ina pleti nyingi, nyembamba, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha alteneta, mashine ya injini inayochaji betri, iujaze upesi. Ya sola ina pleti nene, chache, imetengenezwa kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Zote zinaitwa betri, zote zina volti 12, na kazi zao hazifanani. Akasema, "Funga hiyo hiyo." Ikaletwa kwa bodaboda. Jeli, imefungwa kabisa, haina kizibo. Chini ya boneti ya dizeli kuna joto kali, na jeli haipendi joto wala kuchajiwa kwa volti za juu. Sikubishana tena. Niliweka mashine ya kupimia mzigo mbele ya mzee, nikamwambia aitazame sindano yeye mwenyewe. Betri ya kuwashia iliyo nzima, ukiipa nusu ya ampia zake za kuwashia kwa sekunde 15, inatakiwa isishuke chini ya volti 9.6. Hii nikaipa mzigo ule ule ambao ningeipa D31. Ilishuka mpaka 8.8 kabla sekunde hazijaisha.

Mzee akaitazama muda mrefu. Akachukua simu, akampigia bosi wake mwenyewe. "Bosi, hii itawasha mjini injini ikiwa ya moto. Porini asubuhi haiwashi." Nilifurahi kuliko kama ningeuza betri kumi.

Lakini haikuwa imeisha, maana sasa bosi akataka N200, betri kubwa ya magari makubwa. Anayo kwenye lori. Akaamini kubwa zaidi ni salama zaidi. Kuna mafundi huwaambia watu betri kubwa inaunguza nyaya. Hilo si kweli, stata inavuta kile inachohitaji tu. Tatizo la N200 ni mwili. Ina urefu wa zaidi ya nusu mita, haikai kwenye trei ya haditopu, na betri isiyobanwa vizuri kwenye barabara mbovu inatikisika mpaka unga wa pleti unadondoka chini na kuzigusanisha. Huku kwetu betri inauawa na mtikisiko na joto. Ile namba ya CCA wanayoisifia, yaani ampia za kuwashia kwenye baridi, imepimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo Kigoma haijui. Naiangalia, maana inaonyesha nguvu ya msukumo, ila kati ya CCA kubwa kupindukia na betri inayokaa imara kwenye trei, nachagua inayokaa imara.

Saa 5 ilishapita. Umeme ukakatika. Chaja zikanyamaza, wavuvi wakaanza kupiga simu kuuliza, mzee akaanza kutembea huku na huku. Nilikuwa nimemtolea 95D31R yenye vizibo, kwa sababu gari linakwenda mbali na mtu anaweza kuongeza maji ya betri mwenyewe akiwa njiani, na kwa sababu alteneta ya gari hili inatoa volti 14.0. Zile za kufungwa kabisa, nyingi za kalisiamu, zinataka karibu 14.4 au zaidi kidogo ili zijae. Kwenye gari la zamani zinaishi na njaa. Ila hii mpya ilisoma 12.45 baada ya kukaa rafuni. Iliyojaa inasoma 12.6 na zaidi kidogo. Sikukubali aondoke nayo hivyo.

"Wewe kijana una roho ngumu," akasema.

"Nisamehe, mzee wangu. Nivumilie."

Nikawasha jenereta ndogo. Mafuta yake ni ya kwangu, hayaingii kwenye bei.

Betri mpya ikiwa kwenye chaja, nikatafuta muuaji. Nikazima kila kitu, nikaazima betri nzima ya banda nikaifunga, kisha nikatoa waya wa hasi, nikaweka mita kati ya waya na nguzo. Gari lililolala linatakiwa livute kama ampia 0.05, siyo zaidi. Hili lilivuta 0.6. Mzee akasema linalala Ijumaa jioni na kuamshwa Jumatatu asubuhi. Piga hesabu: saa 60 na ushee mara 0.6, ni ampia-saa 37, karibu nusu ya betri nzuri, na zaidi ya nusu ya ile ndogo aliyokuwa nayo. Kila wiki. Betri ya kuwashia ikishushwa hivyo mara kwa mara pleti zinaota salfeti na hazirudi. Nilifuata nyaya moja moja nikiwa nimelala chini ya dashibodi, jasho linaingia machoni, mpaka nikaukuta waya wa invata ya kuchajia simu na kompyuta, umeungwa moja kwa moja kwenye betri, nyuma ya kiti, unawaka taa ndogo ya kijani usiku na mchana. Nikauhamishia kwenye relei inayofuata swichi ya gari, nikaweka na fyuzi. Nikasugua na waya wa ardhi unaokwenda kwenye injini, maana ulikuwa umeota kutu ya kijani.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipokula. Ugali na mgebuka, mzee akala na sisi, nilinawa kwa sabuni mara mbili kwa sababu risasi ya betri ni sumu na haionekani mkononi.

Umeme ukarudi. Betri ikafungwa: chanya kwanza, hasi mwisho, kibano cha chuma juu, tyubu nikatupa. Stata ikazunguka, mita ikasoma 10.6, injini ikashika. Ikiunguruma ikasoma 14.0. Mzee akaomba risiti na betri ya zamani. Risiti nikampa. Betri mbovu huwa nabaki nazo, naziuza kwa wanaokusanya zikiwa na asidi yake ndani. Anayemwaga asidi chini ili abebe risasi peke yake simuuzii. Akanielewa. Wakati anatoka akaniambia, "Ningekuja kwako mwanzo," akaenda zake Kibondo, amechelewa nusu siku.

Mchana uliobaki nauona kama ukungu. Kuna jamaa alikuja na Land Cruiser ya zamani ya dizeli kutoka Japani, yenye betri mbili, akitaka abadilishe moja tu. Hiyo ni ya zile zinazoungana kuwa volti 24 wakati wa stata, halafu zinarudi 12. Betri nzee na mpya zikiungwa pamoja hivyo, nzee inaiburuza mpya. Nikamwambia mbili zinazofanana au asubiri apate hela ya mbili. Akaamua kusubiri. Mgongo ulikuwa unaniuma kiasi kwamba nilimjibu nikiwa nimekaa.

Jua likizama wavuvi wakarudi. Kila betri naipima kabla ya kuitoa, hata kama mwenyewe ana haraka ya kuwahi mtumbwi, kwa sababu taa ikizimika katikati ya ziwa kikosi kizima kinarudi mikono mitupu.

Nilikuwa nafunga mlango bosi alipopiga tena. Mzee amefika Kasulu salama, amezima na kuwasha mara kadhaa makusudi. Sasa bosi ana gari la pili, ugonjwa ule ule, anataka nimpe betri kama ile asubuhi na mapema. Nikamwomba asinunue kwanza. Kesho, kabla dereva hajagusa ufunguo, aweke mita kwenye nguzo za betri, anisomee namba. Halafu awashe, mwenzake anisomee namba stata ikiwa inazunguka. Akasema hawana mita. Nikamwambia kijana wangu atapita kwao saa 1 asubuhi na ya kwangu, gari liwe limelala usiku wote, milango imefungwa.