Shemeji na Sura za Waingereza

Shemeji amesema kwamba ninapenda filamu za Waingereza kwa sababu ninafanana na Waingereza wenyewe, na tangu Jumamosi ya wiki iliyopita maneno hayo hayajanitoka kichwani. Hakukusudia rangi, maana mnajua kwamba katika familia yetu hakuna aliyenizidi weusi isipokuwa marehemu Mama. Alikusudia sura, na hapo ndipo penye mwiba.

Niyaeleze kwa mpangilio wake, kwa kuwa ni mpangilio huo hasa unaonisumbua. Tulikuwa sebuleni kwa Baba baada ya magharibi, sinia la mihogo ya kukaanga likiwa katikati, na kwenye deki tulikuwa tumeweka sehemu ya kwanza ya tamthilia ya polisi ya Happy Valley, mojawapo ya zile DVD za mitumba ambazo mdogo wangu huziokota kwenye maduka ya hisani huko Leeds na kuzishindilia kwenye begi kila anapokuja likizo. (Kwa wale mnaoniuliza kila mara: ni kweli kwamba DVD za Uingereza zimetengewa kanda tofauti na ya kwetu, lakini deki yetu ya Kichina haijawahi kuuliza.) Shemeji alitazama kidogo, akatafuna, kisha akaniambia, "Shemeji, hawa Waingereza wako hawana hata mtu mmoja mzuri wa kumweka kwenye televisheni?" Kabla sijajibu, Baba, ambaye anaweza kumaliza jioni nzima bila kusema neno, akasema, "Ndiyo maana ninawaamini." Shemeji akacheka kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa kucheka, halafu akanigeukia. "Basi nimeelewa kwa nini Shemeji anawapenda. Amefanana nao." Dada akacheka. Kisha akaomba ndimu.

Nimeyapitia maneno hayo kama ninavyopitia hati za malipo jioni kabla ya kufunga hesabu, na kila mara jumla inatoka tofauti. Kama angeyasema kabla ya Baba kufungua kinywa, yangekuwa tusi la wazi na ningemrudishia lake, kwa kuwa utani wa mashemeji hauna kesi na yeye ana kitambi cha kutosha kujazia jibu langu. Lakini aliyasema baada ya Baba kutaja kuaminiwa. Je, alikuwa anasema kwamba mimi ni mtu wa kuaminiwa? Mbona basi alicheka kabla ya kumaliza? Na mbona Dada, ambaye huchelewa kuelewa utani kiasi kwamba tulizoea kumweleza mara mbili tulipokuwa wadogo, alicheka papo hapo, kana kwamba jambo hilo wameshalizungumza nyumbani kwao? Tena Shemeji hajawahi kunitania mbele ya Baba, hata siku moja, tangu alipolipa mahari.

Kuhusu waigizaji wenyewe hakukosea, na hilo ndilo linaloniudhi. Mnaoijua tamthilia hiyo mnakumbuka inavyoanza. Kijana mlevi amejimwagia petroli kwenye uwanja wa kuchezea watoto na anatishia kujiwasha moto, na sajini wa polisi, Catherine Cawood, anamwendea akiwa na kizimamoto mkononi na miwani ya jua usoni. Anajitambulisha kwake kwa sauti ya mtu anayejaza fomu: ana umri wa miaka 47, ameachika, anaishi na dada yake anayepambana kuacha heroini, amezaa watoto wawili, mmoja amefariki na mwingine hasemi naye, na ana mjukuu anayemlea. Sarah Lancashire anayasema yote hayo huku amebanwa na sare nzito ya polisi, mikunjo ya macho ikiwa wazi, nywele zikiwa zimefanywa chochote upepo ulichotaka, na kamera haimwonei haya wala haimtafutii upande mzuri. Mimi niliporudia sehemu hiyo kwa mara ya pili nilikuwa nimeshampenda kama jirani. Shemeji aliona mama mzima aliyechoka.

Lakini ndivyo mwandishi wake, Sally Wainwright, alivyotaka. Amekulia mji wa Sowerby Bridge, katika bonde lilelile analoliandika, na mdogo wangu, aliyewahi kupanda basi hadi Halifax, jirani na hapo, kwa ajili ya kuangalia tu, anasema kwamba mvua na vilima vya kwenye tamthilia havijaongezwa chumvi. Misimu ni mitatu, kila mmoja una sehemu sita: wa kwanza ulitoka mwaka 2014, wa pili mwaka 2016, kisha wakanyamaza hadi mwaka 2023, kwa sababu mwandishi alitaka yule mjukuu akue kweli, na mtoto aliyeigiza akiwa mdogo ndiye huyohuyo anayerudi akiwa kijana mwenye sauti nzito. Nani mwingine angekubali kuacha biashara inayolipa ilale miaka saba akisubiri mtoto abalehe? Tamthilia za Kituruki ambazo Dada hazikosi zina sehemu nyingi kuliko siku za mfungo, na wanawake wake huamka asubuhi wakiwa tayari wamepaka rangi ya mdomo. Waingereza wana tabia ya kuondoka mezani kabla hawajashiba. Fawlty Towers, ile ya mwenye hoteli mwenye hasira kule Torquay, ina sehemu 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za mwaka 1979, na John Cleese na Connie Booth walioiandika hawakuongeza hata moja.

Nikamfikiria pia Olivia Colman katika tamthilia ya upelelezi ya Broadchurch, mpelelezi Ellie Miller mwenye koti la rangi ya chungwa, anavyolia hadi kamasi zinamtoka na hakuna anayemkimbilia na leso wala kamera haigeuki. Mwanamke huyo ndiye aliyekuja kuchukua Oscar mwaka 2019 kwa kuigiza malkia, naye malkia mwenyewe alikuwa mgonjwa na mwenye kinyongo. Nilitaka kumtumia Shemeji ujumbe wa kumweleza jambo hilo, nikaandika nusu yake saa tano usiku, nikaufuta. Laiti ningeweka Downton Abbey, ile ya matajiri wa zamani! Angeliona lile jumba la Highclere, watumishi waliopangwa mstari, mabinti wenye shingo ndefu na glavu hadi kwenye viwiko, na asingesema neno; wala hakuna binadamu ambaye angethubutu kuniambia kwamba nimefanana nao. Mimi mwenyewe niliichoka katika msimu wa tatu, kwa sababu watu wale wana muda mwingi mno wa kuvaa.

Katikati ya wiki, ambayo ndiyo wiki mkaguzi alipomaliza kazi yake, meneja wetu akapata uhamisho wa kwenda Moshi na binti wa jirani akajifungua mapacha, nilishindwa kuvumilia nikampigia Dada simu.

"Mumeo alikusudia nini Jumamosi?"

"Jumamosi ipi?"

"Aliposema nimefanana na wale Waingereza."

Akanyamaza kidogo, na nikasikia anahamisha sufuria. "Alitaka kusema una sura ya kuaminika."

"Alikwambia hivyo?"

"Hakuniambia, lakini namjua." Kisha, kwa sauti ileile, "Halafu ile fomu ya udhamini umeshaisaini? Anasema bajaji zinapanda bei."

Sijaisaini. Nimeiweka ndani ya kasha la Broadchurch ili nisiione, na sasa ninaiona kila ninapotafuta la kutazama. Sura ya kuaminika! Kumbe ndiyo maana alithubutu mbele ya Baba: alikuwa anataniana na mdhamini wake, na mtu hutaniana kwa uhuru na yule anayeamini kwamba ameshakubali. Nililala na jibu hilo kwa siku mbili nikiwa na hasira safi, ile hasira tamu ya mtu aliyegundua jambo.

Jana, hata hivyo, sikumkumbuka Shemeji hata mara moja, na ndiyo sababu ninaandika usiku huu badala ya kupiga pasi. Nilikwenda kwa Baba peke yangu, na kwa kuwa alifanya kazi posta hadi alipostaafu, nikamwekea Mr Bates vs The Post Office. Ni sehemu nne tu, na kituo cha televisheni cha ITV kiliirusha kwa mausiku manne mfululizo kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Kisa ni cha kweli. Posta ya Uingereza iliweka mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, katika vile vituo vidogo ambavyo aghalabu ni duka la kijiji lenye dirisha la posta pembeni. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo hazijapotea. Mkataba ulimtaka wakala aliyeendesha kituo afidie upungufu kwa fedha zake, na kila aliyepiga simu kulalamika aliambiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo hilo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika, na wapo waliojiua.

Kuna onyesho moja katika sehemu ya kwanza ambalo nililisimamisha, nikalirudisha, nikalisimamisha tena. Jo Hamilton, mwenye duka katika kijiji cha South Warnborough, yuko peke yake usiku na simu ya msaada imebanwa kati ya sikio na bega. Anabonyeza kile anachoambiwa abonyeze, na upungufu unaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Monica Dolan hapigi kelele. Anaangalia skrini, anaangalia vitufe, anaangalia tena vidole vyake mwenyewe, kama mtu anayevishuku.

Mnaokumbuka sakata la droo yangu ya fedha kazini mtaelewa kwa nini mikono ilinitetemeka. Ile shoti, yaani upungufu wa fedha, niliyoilipa kwa kukatwa mshahara sikuila, na nilisema hivyo kwa kila aliyeniuliza, na jibu nililopewa lilikuwa kwamba mbona wenzangu wote hesabu zao zimekaa sawa. Nilivyokuwa nimekaa dirishani siku ile, sikujitazama kwenye kioo, lakini nadhani nilikuwa na uso uleule. Nilianza kuwa na hasira nyingine kabisa, isiyo na utamu hata kidogo, na ilinipanda zaidi kila Toby Jones, anayemwigiza Alan Bates, alipokuwa anajibu barua kwa utulivu, mwaka baada ya mwaka, kutoka nyumbani kwake Wales. Bates alinyang'anywa mkataba wa posta mwaka 2003. Walishinda mahakamani mwaka 2019 wakiwa walalamikaji 555, na bado nchi haikushtuka ipasavyo hadi tamthilia iliporushwa; ndani ya mwezi huohuo aliyekuwa mkuu wa posta alirudisha nishani yake, na Mei mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyofuta mamia ya hukumu hizo kwa pamoja. Mahakama, magazeti na wabunge walikuwa wanajua kwa miaka. Ilibidi watu waliokaa sebuleni wiki ya Mwaka Mpya waone uso wa mwenye duka ukiijaza skrini nzima, uso wa kawaida kabisa, na sidhani kama mwigizaji mwenye shingo ndefu na glavu angeweza kuifanya kazi hiyo.

Nilimuuliza Baba kama enzi zao shoti zilikuwepo. "Zilikuwepo," akasema. "Na wezi walikuwepo. Lakini ilikuwa kitabu. Mtu akikibadilisha kitabu, anaacha mwandiko wake, na mwandiko wa kila mtu tuliujua. Hapa mwandiko uko wapi?" Kwa Baba hiyo ni hotuba. Aliendelea kutikisa kichwa hadi majina ya mwisho yalipoanza kupanda, na nikawaza kumwekea I, Daniel Blake wiki ijayo, ile ya Ken Loach iliyopata tuzo kuu kule Cannes mwaka 2016, ya seremala wa Newcastle mwenye ugonjwa wa moyo anayezungushwa na fomu za kwenye kompyuta hadi anachoka. Halafu nikasita, kwa sababu kuna mahali mama mwenye njaa anafungua kopo la maharage palepale kwenye ghala la msaada na kulila kwa mkono, na sijui kama Baba ataweza kulitazama hilo baada ya kula chakula chake.

Lakini hilo si la kunikosesha usingizi. Wakati takwimu ya upungufu ilipoongezeka maradufu, Baba aliniuliza, "Pale pameandikwa ngapi?" Tarakimu zilikuwa kubwa. Alikuwa ameshasogeza kiti chake mara mbili, na miwani alikuwa ameivaa. Nilimsomea, akaitikia, na baadaye nilipompa chai aliupapasa mkono wa kikombe kabla ya kuushika. Nilipomuuliza alisema ni mwanga wa taa. Balbu niliibadilisha mwenyewe mwezi uliopita. Daktari wa macho huja kwenye zahanati yetu siku ya Alhamisi tu, na Alhamisi hii ndiyo tunafunga hesabu za mwezi tukiwa hatuna meneja. Kadi ya bima ya Baba nayo iko kwa Dada tangu alipompeleka kupima shinikizo la damu, na nikimpigia tena kuiomba najua atakachoniuliza kwanza.