Presha ya mimba haisubiri kivuko cha asubuhi

Miguu kuvimba jioni baada ya kutwa nzima umesimama sokoni Kirumba, mara nyingi ni uchovu tu. Uso kuumuka ukiamka, au pete kugoma kutoka kidoleni ghafla, hiyo ni habari nyingine: kwa mjamzito yaweza kuwa dalili ya presha ya mimba.

Baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140/90 ipimwe tena, na mkojo upimwe protini. Ikifika 160/110 ni dharura, hata kama mama anajisikia mzima. Wengi hujisikia wazima, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kabla ya kupima, kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo wa kipimo kwenye mkono mnene hudanganya: husoma juu.

Kichwa kikali kisichotulizwa na panadol, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia: usilale nayo. Aliyeko kisiwani Ukerewe aende kituo cha karibu kwanza. Akianzishiwa magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa cha mimba, ndipo avushwe kwenda Mwanza. Hata aliyejifungua juzi bado yumo hatarini.