Asiyekuwepo Mezani

Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kuitia nchi nzima uchungu. Habari hizo zilinikuta London, najifunza kusoma taroti, yaani karata za picha zinazotumika kutazamia. Ndugu zangu wa Tanga walikuwa wakinitumia vichwa vya habari kwenye simu bila kuongeza neno, nami nilielewa wanachouliza: wewe na hao mna tofauti gani?

Swali lilikuwa la haki. Jibu nililipata Mei ya mwaka huohuo, asubuhi moja, kwa mteja mmoja.

Kwanza niseme nilikotoka. Mtaani kwetu Tanga palikuwa na mzee mpiga ramli. Alikuwa na ubao wenye mchanga laini, anadonoa nukta kwa kidole bila kuhesabu, safu kwa safu, kisha anazifuta mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili. Safu nne zinatoa umbo moja, na maumbo yote ni 16, kila moja na jina lake na tabia yake. Elimu hiyo ina vitabu vyake vya Kiarabu na mzee alivisoma kweli. Simdharau hata leo. Lakini siku dhahabu ya bibi harusi ilipopotea nyumba ya jirani, watu walikwenda kwake, akawaambia aliyechukua ni mwanamke wa makamo, si mrefu sana, anaingia ndani mwenu bila kubisha hodi. Jina hakulitaja. Jina walilitaja wao wenyewe njiani, kabla hata hawajafika nyumbani. Nyumba mbili zilizokuwa zikipelekeana futari kila Ramadhani hazikupelekeana tena. Mwanamke aliyetajwa alikuwa mama mzazi wa rafiki yangu, na tangu hapo tukakatazwa kucheza pamoja. Dhahabu haikuonekana.

Mwalimu wangu wa taroti alikuwa mama wa Kiingereza, mtu mzima, mstaafu wa kazi ya ushauri nasaha. Nilidhani ataanza na maana za karata. Karata zenyewe nilishazinunua Watkins, duka la vitabu lililoko Cecil Court, na nilikuwa nimekesha nikizikariri: 78 kwa jumla, kubwa 22 na ndogo 56, ndogo zikigawanyika kwenye fimbo, vikombe, panga na sarafu. Yeye akaziweka pembeni. Akachukua karatasi akanisomea kwa sauti ya taratibu, huku ananitazama usoni, kwamba nina haja kubwa ya kupendwa na watu ila huwa najikosoa mno, kwamba nina uwezo ambao bado sijautumia, kwamba kwa nje naonekana nimejimudu na ndani nina wasiwasi. Nikatikisa kichwa kukubali kila sentensi.

Kisha akanieleza maneno yale yametoka wapi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, halafu akampa kila mmoja "majibu yake" ayapime kwa alama 0 hadi 5. Wastani ukatoka 4.26. Wanafunzi wote walikuwa wamepewa karatasi moja, maneno yaleyale, mengi yakiwa yameokotwa kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani. Akanieleza pia habari za Ray Hyman, aliyekuwa akisoma viganja tangu ujana wake na kuamini kabisa anachosema, mpaka rafiki yake mmoja alipomshawishi ajaribu kuwasomea wateja kinyume cha kile viganja vinachosema. Wateja waliridhika vilevile. Hyman baadaye akawa profesa wa saikolojia.

Mimi nilikuwa namfikiria mzee wetu. Mwanamke wa makamo, si mrefu sana. Mtaa gani wa Tanga hauna mwanamke wa makamo asiye mrefu sana?

Wapo walimu wanaofundisha mambo haya kama mbinu: jinsi ya kusema sentensi inayomfaa kila mtu, jinsi ya kumvua mteja habari kisha kumrudishia kana kwamba zimetoka kwenye karata. Mwalimu wangu alinifundisha ili nisije nikachukua kichwa cha mteja kinachotikisika kuwa ushahidi. Akaniwekea masharti mawili ya kazi. Karata ikifunuliwa, mteja aseme kwanza anachokiona. Na mtu asiyekuwepo mezani hasomwi.

Mteja wa asubuhi ile ya Mei alikuwa dada mmoja wa Morogoro, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja Walthamstow, nyumbani kwa mwalimu, moja kwa moja kutoka kazini. Mwalimu alimwomba ruhusa akae kwenye kona, karibu na dirisha, aangalie ninavyofanya; akakubali, hasa alipojua kwamba mama yule haelewi Kiswahili hata chembe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu." Akakaa, akaupakata mkoba wake mweusi kama mtu aliyemo kwenye daladala la Kariakoo. "Mimi sina mengi. Nina mdogo wangu wa kiume yuko Dar, ananijengea Chanika. Nataka hizo karata ziniambie kama ananila."

Akatoa simu. Picha ya kwanza ilikuwa nyumba iliyofika lenta. Picha ya miezi mingi baadaye ilikuwa nyumba ileile, lenta ileile, nondo zimeshika kutu na majani yameota ndani ya kile ambacho kingekuwa sebule. Pesa ya mbao za kupaulia alishatuma. Pesa ya bati alishatuma. Kila akiuliza anaambiwa vitu vimepanda, fundi anaumwa, mvua.

Nikamwambia, "Dada, mdogo wako hayupo hapa, kwa hiyo yeye hatutamsoma. Tunaweza kukuangalia wewe na hii nyumba."

"Wewe nipe nichange."

Akazichanga kwa nguvu, akachomoa tatu, nikazipanga kifudifudi. Ya kwanza ilikuwa Tatu ya Sarafu: fundi kasimama juu ya benchi kanisani, na watu wawili wamemshikia ramani. Akaipenda. "Huyu fundi yuko kazini," akasema.

Ya pili ilikuwa Saba ya Panga.

Seti ninayotumia ilichorwa London mwaka 1909 na Pamela Colman Smith, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Kwenye karata za Ufaransa za kabla yake, saba ya panga ni panga saba tu zimepangwa kwa mapambo. Pamela alichora watu na kisa karibu kwenye kila karata. Hapo alichora mwanamume ananyata kwa ncha za vidole, anaiacha kambi ya mahema nyuma yake, amekumbatia panga tano kwa makali yake, na uso kaugeuza nyuma anacheka kichinichini. Hata mtoto atakuambia yule anafanya nini.

"Huyo hapo!" Dada akaigonga karata kwa kucha. "Si unamwona? Si ndiye huyu? Mwizi huyu, mdogo wangu. Niambie tu."

Kumwambia "ndiyo" kulikuwa kwepesi kuliko kumeza mate. Vitabu vingi vinasema karata hiyo inahusu hila. Alikuwa amelipa, amechoka, macho mekundu, na mila yetu haimfundishi mdogo kumbishia mkubwa. Angetoka pale akiwa na hakika, angeniombea dua, angewaleta wenzake. Na jioni ile Dar ingepigwa simu ambayo haiwezi kufutwa. Uso wa mama wa rafiki yangu ulinijia kama ulivyokuwa siku ile, amesimama mlangoni kwake na sahani ya vitumbua aliyorudishiwa.

Nikanyamaza kidogo, kisha nikamuuliza, "Dada, ukiiangalia tena, unaona nini kingine?"

Akaisogeza karibu. Aliiangalia kwa uangalifu wa mtu anayekagua kitambaa kabla ya kununua. "Mbili kaziacha," akasema. Kweli, panga mbili zimesimama zimechomekwa ardhini. "Mbona hizi hakuchukua?"

"Wewe unaonaje?"

"Labda zimemlemea."

Akakaa kimya. Nikafunua ya tatu, Sita ya Sarafu: tajiri mwenye mizani mkononi anawagawia pesa maskini wawili waliopiga magoti. Mmoja anadondoshewa sarafu, mwingine bado anangoja. Nikamuuliza yeye ni nani hapo. Nilikuwa na hakika ataweka kidole kwa tajiri, kwa kuwa ndiye anayetuma. Kidole kikaenda kwa yule anayengoja.

"Mimi huyu."

"Huyu ambaye hajapewa?"

"Sasa mimi nani ananipa?"

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo mpaka leo naliona ndilo lililokuwa kazi yangu yote ya asubuhi ile. "Dada, tuseme tumepata uhakika kabisa kwamba mdogo wako hajala hata senti. Vitu vimepanda kweli, fundi anaumwa kweli. Utafanya nini?"

Alichelewa sana kujibu. Basi lilisimama kituoni chini ya dirisha, likaondoka.

"Basi itabidi niendelee kutuma," akasema, na sauti ilimshuka kama ya mtu aliyepewa habari mbaya.

"Na kama kala?"

"Kama kala, namaliza. Nani atanilaumu?"

Akajisikia alivyosema. Niliona anajisikia. Akauweka mkoba sakafuni, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, halafu akaanza kuzungumza, na kwa muda mrefu sikugusa karata. Mama yao alipofariki alimwachia wadogo zake. Ada alilipa yeye, michango ya misiba anatajwa wa kwanza, harusi haziwekwi tarehe mpaka aseme atatoa kiasi gani. Chanika kwenyewe hana uhakika kama atakuja kuishi. Alianza kujenga kwa sababu kila aliyeko nje anajenga.

Alikuwa anamhitaji mwizi. Mwizi unaweza kumnyima na ukoo wote ukakuelewa. Ndugu mwaminifu aliyekwama humnyimi, na "nimechoka" kwetu si sababu inayokubalika kwa dada mkubwa. Tangu siku hiyo nimelikuta jambo hili kwa wateja wengi kwa sura nyingine: mke anayetaka kuambiwa mumewe ana mwanamke nje ili aruhusiwe kuondoka, kijana anayetaka kusikia kwamba bosi wake ana husuda ili aache kazi bila kuonekana mvivu. Wanatafuta ruhusa, na wanaitafuta kwa umbo la hatia ya mtu mwingine. Mpiga ramli chonganishi anaijua haja hiyo vizuri sana na ndiyo anayoiuza. Anayelipa bei kamili ni yule ambaye hakuwepo mezani, na huko kanda ya Ziwa wapo vikongwe walioilipa kwa maisha yao, wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni.

Sikumwambia kwamba mdogo wake ni msafi. Ningejuaje? Nilimwambia kuhusu pesa karata si mkaguzi: atafute mtu anayejua ujenzi, asiye wa ukoo, aende kiwanjani na futi kamba, ahesabu tofali na nondo, aulize bei dukani, aombe risiti. Na kuhusu kuchoka, hilo ni lake, halihitaji ushahidi wa mtu yeyote. Tukaandika pamoja, nyuma ya bahasha, maneno atakayomwambia mdogo wake kwenye simu. Alibishana nami juu ya neno "nimechoka" mpaka mwisho akaliacha libaki.

Alipoondoka, mwalimu hakuniuliza karata zilisema nini. Aliuliza, "Ulimwambia nini kabla hajaweka mkoba chini?" Katika mazungumzo yote ambayo hakuyaelewa, hicho ndicho alichokuwa akikingoja. Nilipomfasiria swali langu akaliandika kwenye daftari lake. Akaniambia pia nifanye mazoezi ya kufunua karata nikimtazama mteja badala ya kuitazama karata, kwa sababu mteja husoma uso wa msomaji kabla ya kusoma picha, na uso wangu unasema mapema. Wiki zilizofuata nilifanya zoezi hilo mbele ya kioo.

Dada alipiga simu kabla majira ya joto hayajaisha. Alishaongea na mdogo wake, na maneno ya kwenye bahasha aliyasema yote. Hatatuma mpaka mwakani. Fundi wa kukagua alikwenda Chanika, na alichokikuta dada alinieleza chote. Sitakiandika, maana mwenye habari hiyo hana nafasi ya kujieleza hapa. Lakini hakuwa amepiga kwa ajili ya hilo. Alikuwa na swali jingine, akataka kujua kama karata zangu zinaweza kulishika.

"Mdogo wangu, hivi mimi nataka kuzeekea wapi?"

Nikamwambia hilo ni lake na tutalitazama. Tukapanga Jumamosi mchana. Nikamsihi asije moja kwa moja kutoka zamu, aende kwanza nyumbani alale.