Siku moja na tarehe za homa, Goma

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla umeme haujakatika, nawasha kompyuta hata chai sijainywa. Usiku kucha programu imeigiza mlipuko wa Ebola mara 1,000 katika mji ulio kama wetu, na kila mara watu wamekutana kwa namna tofauti. Kwa hiyo sisomi jibu moja, nasoma majibu yalivyotawanyika.

Saa mbili nafika ofisini Himbi. Tunarudi kwenye mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa Kongo wa 2018 hadi 2020, uliopata wagonjwa 3,470 na kuua 2,287, tukiuliza ni hatua ipi ingeokoa wengi zaidi. Karibu kila mtu huniuliza habari ya mpaka, kwa sababu anakumbuka jinsi Rwanda ilivyoufunga kwa saa chache tarehe 1 Agosti 2019. Lakini virusi hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya homa kuanza, na katika siku hizo kipimajoto cha Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Rwanda, hakimtambui aliyeambukizwa. Katika maigizo yetu, kufunga mpaka huchelewesha ugonjwa kuvuka, bali hakuuzimi.

Kuanzia saa nne hadi saa nane nasafisha data, na hapa ndipo kazi ilipo hasa. Leo mstari mmoja umenisimamisha: mgonjwa amelazwa tarehe 9, homa imeanza tarehe 12. Nampigia simu mama aliyekuwa akifuatilia familia mtaani Majengo.

“Mama, tarehe hizi zimepishana.”

“Ngoja, mwanangu, nichukue daftari.” Nasikia kurasa zikifunuliwa. “Tarehe 12 ndiyo siku niliyofika kwao. Homa ilimshika Jumapili, wakitoka ibada.”

Jumapili ile ilikuwa siku tano kabla ya kulazwa. Siku hizo, kuanzia homa hadi kutengwa, ndizo zinazoamua karibu kila kitu: nikizipunguza kwenye maigizo kutoka tano hadi mbili, milipuko mingi huzimika yenyewe, na chanjo ya waliomkaribia mgonjwa huwawahi. Hata hivyo nimekataa kudhani kwamba kila familia itataja majina yote. Huku Kivu, risasi na kutoaminiana vilisimamisha timu za kupambana na Ebola mara nyingi, na modeli, yaani programu ya kuigiza mlipuko, isiyohesabu hofu hiyo haitufai.

Saa kumi na moja narekebisha mistari yote ya mtaa ule, naanzisha upya maigizo 1,000, kisha napanda pikipiki kuelekea nyumbani kabla ya mvua.