Siku Moja Maishani Mwangu: Kutungia Watoto Jijini Mbeya

Saa 11:00 alfajiri. Mwezi Julai hapa Mbeya mtu haketi mezani bila koti, lakini ndio muda ninaoupenda kwa ushairi, kwa sababu shairi la watoto hutungwa kwa mdomo kabla ya kalamu na saa hizi hakuna wa kushangaa anaponisikia nikirudia mstari uleule hadi unyooke. Kazi ya leo ni shairi la wanafunzi wa elimu ya awali. Mashairi ya wakubwa kwa kawaida huwa na mizani (yaani silabi) 16 katika kila mshororo, au mstari, iliyogawanyika katika vipande viwili vya mizani 8, lakini mtoto wa miaka mitano huishiwa pumzi kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo mimi huchukua kipande kimoja tu na kukifanya mshororo kamili, wenye kina kimoja, yaani sauti ileile ya mwisho, kinachomrudia masikioni.

Paka wangu ana shali,
Amejifunika chali,
Nje kuna baridi kali,
Panya wanakula wali.

Mshororo wa tatu ndio ulionikalisha muda mrefu. Awali ulikuwa "Nje kuna upepo mkali", nao una mizani 9, kwa kuwa herufi m ya "mkali" huhesabiwa peke yake. Mtu mzima anaweza kuimeza asijali, lakini mtoto anayepiga makofi kwa kila silabi atabakiwa na kofi moja lisilo na mahali pa kukaa. Baridi imeuondoa upepo, na kwa mtoto wa Mbeya hakuna kilichopotea.

Saa 2:00 asubuhi. Chai ya tangawizi, viazi vya kuchemsha, kisha uhariri wa kitabu cha mtu mwingine, ambao ndio unaolipa kodi ya nyumba. Mrabaha wa vitabu vya watoto huja kwa nadra na ukija huwa mdogo, basi sina la kueleza zaidi kuhusu saa hizi mbili.

Saa 4:00 asubuhi. Nimepanda daladala hadi shule moja ya msingi, ambako mwalimu wa darasa la awali ameniruhusu kusoma mbele ya watoto kabla hawajarudi nyumbani. Wanaketi mkekani na masweta yao. Nikisema "Hadithi, hadithi!", wanajibu kwa sauti inayofika barabarani: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Kiitikio hicho hufanya kazi ambayo hakuna kitabu cha mbinu za kufundishia kinachoiweza, kwa maana anayeitikia amekwisha kukubali kusikiliza.

Nilisoma shairi la paka mara mbili. Mara ya pili walikuwa wanamalizia "chali" na "wali" wenyewe, na mvulana mmoja alikwisha kulala chali ili wenzake waone. Kisha binti wa mstari wa mbele, ambaye hakuwa amecheka hata kidogo, akauliza: "Shangazi, wali wenyewe wa nani?" Mwenzake akadakia kwamba bila shaka ni mchele wa Kyela, jambo ambalo darasa zima lilikubali, ila swali la mwenye wali likabaki palepale.

Mwalimu alitaka kuwauliza shairi linatufundisha nini. Nilimwomba, kwa heshima, awaache kwanza walisimulie kwa maneno yao. Sina ugomvi na mafunzo, lakini mtoto akizoea kwamba kila kicheko hufuatwa na mtihani, ataanza kuviogopa vitabu mapema, na sisi watunzi huchangia hofu hiyo tunapomuua fisi katika ukurasa wa mwisho kwa sababu tu alikuwa mlafi.

Saa 8:00 mchana. Hadithi ya darasa la pili. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, maarufu kama KKK, hivyo msomaji wangu ni mtu anayeanza kutegemea macho yake mwenyewe. Hadithi inamhusu msichana anayempeleka bibi yake kuuza maparachichi katika soko la Mwanjelwa, nayo inatakiwa kuenea katika kurasa 24, picha zikiwemo. Mchana wote nimekuwa nikifuta. "Bibi alivaa kanga nyekundu" imeondoka, kwa kuwa mchoraji ataichora kanga hiyo na mtoto ataiona kabla hajalisoma neno lolote. Nimebakiza kile ambacho picha haiwezi kukisema: kwamba bibi hapendi kupunguza bei, na kwamba msichana anamwonea aibu. Sentensi ndefu kuliko zote sasa ina maneno saba. Neno "ng'ang'ania" nimelitoa, kisha nikalirudisha, maana ndilo hasa analofanya bibi yule, na ugumu wake unastahili jasho la msomaji.

Saa 12:00 jioni. Umeme umekatika, simu ina chaji ya kutosha. Swali la yule binti limezaa ubeti wa pili:

Wali ule ni wa nani?
Wa bibi, yuko jikoni,
Panya wako sahanini,
Paka bado yu shalini.

Nimemtumia mchoraji wangu, anayeishi Tukuyu, beti zote mbili kwa WhatsApp. Amejibu baada ya muda mfupi akitaka kujua panya ni wangapi, kwa kuwa sahani aliyoichora inatosha wawili. Nimemwambia ni watatu, na mmoja wao awe amevaa sweta la shule. Anasema atachora sinia.