Panzi kwenye kiberiti

Salfa imeanza. Ukifungua dirisha asubuhi unaipata puani, na mashine za kupulizia mikorosho zinaunguruma mpaka huku Mikindani. Katikati ya harufu hiyo kitinda mimba wangu kaingia jikoni na kiberiti. Ndani mna panzi mkavu, maungio yameota unga wa kijani.

"Mama, salfa imemgeuza rangi?"

Nikamwambia salfa ni ya njano, na ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho; panzi haimhusu. Huyu kaliwa na kuvu. Metarhizium, nadhani.

Na hapo ikanirudia ile Ijumaa ya maabara. Mnaoijua, msinicheke tena.

Nilikuwa nimeotesha spora, yaani vijimbegu vya kuvu, juu ya mabawa ya panzi. Asubuhi nikainamia hadubini. Kila spora imetoa kimrija, na kwenye ncha ya kimrija kuna kivimbe kimejibandika kwenye bawa, kimejaa, kinang'aa. Lakini nyuma yake, spora yenyewe! Tupu. Imenywea kama ganda la korosho baada ya kubanguliwa. Nikasogeza kioo: nyingine vilevile. Nikasogeza tena. Nikahesabu mpaka jicho likatoa machozi. Zimekufa, nikajisemea, na muuaji ni mimi. Labda maji ya bomba. Bosi asije akayakuta haya. Wiki nzima ya kazi nikaimimina kwenye ndoo ya dawa.

Alipoingia, akatazama ndoo, akanitazama mimi. "Binti, ulitaka ibaki nini mle ndani?"

Kumbe ndivyo inavyokuwa. Seli ya spora inajimeng'enya yenyewe, wanaita autofajia, na akiba ya mafuta inahamia kwenye kivimbe. Kule inageuka gliseroli, inavuta maji, kivimbe kinajaa shinikizo hadi kinatoboa ngozi ya mdudu. Kwa kuvu inayougua nayo mpunga ilishaonyeshwa mwaka 2006: spora ikizuiwa kufa, jani haliugui. Ohsumi wa Japani alipata Nobel mwaka 2016 kwa habari za kujila huko, naye alianzia kwenye hamira tu.

Mtoto kasikiliza yote, kidole bado kwenye kiberiti.

"Kwa hiyo ulimwaga zilizokufa, au zilizo hai?"

Nikamwambia akanawe mikono.

Kiberiti kiko juu ya kabati. Nimemwekea panzi pamba mbichi, nione kama kijani kitaongezeka.